Nafasi ya Anayekatwa

Tokyo, 24 Novemba 1963

Mama Chizuko,

Huku baridi imeshafika lakini theluji hakuna, ni matope tu. Natumaini huko Kamisawa mmeshapigilia mbao za madirisha, na Baba hajapanda mwenyewe juu ya paa. Mimi nipo. Tunalala watu kumi na wanne chumba kimoja, wote wa kaskazini kama sisi, wakulima wasio na la kufanya shambani mpaka theluji iyeyuke. Tunachimba handaki la treni itakayopita chini ya mji. Kazi hii unaijua, siirudii.

Kuna jambo, na ukilisikia kwa mwingine utaliona kubwa kuliko lilivyo. Mikono yangu imeanza tena kutetemeka. Si kwa pombe, ingawa nakunywa, sikufichi. Juzi juzi nilikuwa nimeshikilia kabari na mwenzangu anaipiga nyundo. Mkono ukaniruka, nyundo ikapita jirani na goti lake. Nyapara wetu, Togashi, akaniita pembeni. Alisema mtu anayetetemeka chini ya ardhi ni sawa na nguzo iliyooza, na nikirudia atanitoa handakini.

Mwenzangu huyo anaitwa Narumi, mtu wa Aomori, mdomo wake haupumziki. Badala ya kunichukia amenipa dawa. Nyuma ya kambi yetu kuna ukumbi wa mazoezi wa mzee mmoja, mwalimu Hasunuma, na Narumi huenda huko jioni za Jumanne. Aliniambia: "Bwana Odashima, wewe kuna kitu kimekukwama kooni. Njoo upige watu kwa mwanzi mpaka kitoke. Ni halali, na wakishapigwa wanakuinamia na kukushukuru."

Nikaenda kutazama. Mwalimu anafundisha mambo mawili, na mwaka wa kwanza hampokei mtu kwa yote mawili. Lazima uchague. Jumanne ni kendo: mnavaa barakoa za vyuma na deraya, mnakimbiliana kwa makelele, kila mtu na upanga wake wa mwanzi. Jumapili asubuhi ni iai: mtu peke yake, upanga wa chuma, kimya. Anauchomoa, anakata pasipo na mtu, anaurudisha alani. Basi.

Nimechagua kendo. Upanga wa mwanzi haujaua mtu. Wakati wa kuniandikisha mwalimu aliuliza kama nimewahi kula kiapo kwa mwalimu mwingine, nikasema hapana.

Usimwambie Baba.

Eikichi


Kamisawa, 8 Desemba 1963

Baba Chizuko,

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaificha chini ya jiwe linalokandamiza figili za chumvi pipani, mahali ambapo Baba hatii mkono. Theluji imefika madirishani. Chizuko mzima, anataka kwenda kusomea ushonaji Akita mjini, tutalizungumza ukirudi.

Sasa nisikilize. Uliporudi kutoka vitani China nilikuwa nimekungoja miaka minne. Ulifika, ukaoga, ukala. Kesho yake Baba akakuita kwenye chumba cha mazoezi, ukasema mgongo unauma. Mgongo huo umeuma miaka kumi na saba. Hata paa la chumba kile lilipovuja ulimwita fundi wa kijiji cha pili, wewe unayeezeka mapaa ya majirani wote. Hukumpa Baba sababu, wala mimi. Watu wa hapa wamesema la kusema: Odashima wamejipatia mkwe mvivu, kachukua jina lao, kachukua binti yao, upanga wao kaukataa. Nimegombana na hao watu kisimani na dukani, na katika ugomvi wote huo sikuwahi kuwa na jibu.

Mwanafunzi wa mwisho wa Baba, yule fundi mapipa, ameondoka mwezi uliopita kwenda kiwandani Kawasaki. Baba bado anaingia kule kila asubuhi. Nikiwa jikoni nasikia miguu ya mtu mmoja. Nyumba hii imeufundisha upanga huo vizazi tisa, na yeye hana wa kumwachia. Mimi hakunifundisha kwa kuwa ni mwanamke, na siku hizi ananitazama kama mtu aliyeuza shamba akasahau lilikuwa zuri.

Na wewe uko Tokyo unajifunza kwa mzee wa watu. Kama ungesema tangu mwanzo kwamba upanga wenyewe ndio huupendi, ningeelewa. Lakini unaupenda, ila si wa kwetu. Baba alikufanya nini?

Na hilo la kiapo. Ulisema hapana? Siku ulipomwapia Baba, mimi ndiye niliyeshika kibakuli cha wino. Nilikuona ukijichoma kidole ukagandamiza damu kwenye karatasi.

Mitsue


Tokyo, 23 Desemba 1963

Mama Chizuko,

Umeniuliza Baba alinifanya nini. Hakunifanya kitu. Naomba usiniulize tena kwa sasa.

Kendo imenishinda. Jumanne ya tatu walinivika barakoa na kunisimamisha mbele ya karani mmoja wa posta, mtu mpole, hata jasho lake linanukia sabuni. Akapiga ukelele, akanijia. Sijui niseme vipi. Niliutupa ule mwanzi, nikapiga magoti, nikainamisha shingo. Karani akasimama pale na upanga wake juu, hajui la kufanya. Watu wakacheka. Narumi akasema, "Bwana Odashima, huku tunapigana. Wa kusali ni ukumbi wa jirani." Hata mimi nikacheka. Lakini mikono ilitetemeka siku nne baada ya pale.

Nikamwomba mwalimu anihamishie Jumapili. Nilidhani iai itanifaa kwa sababu hakuna anayekujia. Asubuhi ile alinipa upanga wa mazoezi, akaniambia nichomoe, nikate mara moja, niurudishe, atazame mwili wangu ulivyo. Akaongeza jambo ambalo nilikuwa nimelisahau: "Usikate hewa. Mwone mtu mbele yako." Nikafanya. Nilipomaliza, ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Yeye ndiye aliyewasimamisha, kwa kuinua mkono tu.

Akaniuliza nani alinifundisha kuurudisha upanga namna ile. Nikasema hakuna. Hakukasirika. Alisema watu wake huchukua miaka mitano kabla ya kuurudisha bila kuitazama ala, na hakuna hata mmoja wao anayeipunguza kasi katika theluthi ya mwisho, kwa sababu hiyo ni tabia ya nyumba chache za milimani. Akasema, "Una mwalimu. Nenda ukalete barua yake ya kukuachia, ndipo tuzungumze. Bila hiyo, hata kufagia hapa siwezi kukuruhusu." Akaniinamia kama mgeni anayeondoka.

Kwa hiyo kiapo nilichosema sikukila kimenitoa mlangoni. Ni mazoezi ya miezi mitano tu, Mama Chizuko, kabla sijaitwa jeshini. Nilidhani mwili umesahau.

Nakuomba umwombe Baba barua hiyo. Usimweleze mengi. Togashi ananitazama kila ninaposhika kabari. Nikitolewa handakini sasa, na huko nyumbani ninajulikana ni mvivu, sijui nitasimama wapi.

Eikichi


Kamisawa, 6 Januari 1964

Eikichi,

Binti yangu hajui kuficha. Figili za mwaka mpya zilikuwa na ladha ya wino. Niliinua jiwe nikazikuta barua zako zote mbili, nikazisoma. Kama kuna aibu katika hilo, iwe yangu.

Barua ya kukuachia nimeiandika. Imekauka, iko mbele yangu. Sijaigonga muhuri. Karatasi ya kiapo chako nayo ipo, damu yako imekuwa ya kahawia. Ukiachiwa, nitaichoma, na utakuwa mtu huru kwenda kwa huyo Hasunuma, ambaye sina neno naye. Amefanya kama mtu mwenye adabu.

Ninachotaka ni sababu. Sitaki uniombe radhi, nataka sababu. Umekula mezani pangu miaka kumi na saba, umelima mashamba yangu vizuri kuliko nilivyoyalima mimi, hukuwahi kuinua sauti. Na mlango ule mmoja umeupita kila siku kama mlango wa choo cha jirani.

Nilikukosea nini? Ulipoitwa jeshini ulikuwa umekaa kwangu miezi mitano, na tayari urudishaji wako ulikuwa umetulia kuliko wa watu wa miaka mitatu. Nilijivuna. Nilimwandikia kapteni wa kikosi chako barua ya kukutambulisha. Nikamwambia huyu ni mkwe wa nyumba ya Odashima, ameshika upanga wetu, mwangalie kwa jicho jema. Ndivyo mzazi anavyofanya, humtangulizia mwanawe jina ili asifike kwa watu kama kuni zilizookotwa. Hukuwahi kunishukuru kwa barua hiyo. Nilidhani haikufika.

Nijibu mimi, si Mitsue.

Odashima Jinpachi


Tokyo, 19 Januari 1964

Baba,

Ilifika.

Leo ndiyo nimejua ilitoka kwako. Miaka ishirini nimejiuliza kapteni yule alijuaje. Nilifikiri niliropoka mwenyewe nikiwa nimelewa.

Nilisoma mpaka darasa la sita tu, nitaandika kama ninavyoweza. Ilikuwa masika ya 1943, katika kijiji ambacho jina lake sikulijua. Walimshika mtu mmoja wakasema ni mpelelezi. Alikuwa mkulima. Mikono ya mkulima naijua. Alikuwa anatafuna kitu, nadhani mbegu, na hata walipompigisha magoti hakuacha kutafuna. Kapteni akaja na upanga wake, akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, kama mtu anayempa mgeni zawadi. Akasema: "Mkwe wa Odashima, tuonyeshe kazi ya nyumba yenu."

Sikukataa. Nimetafuta katika siku ile mahali nilipokataa, hata kwa nusu neno, sijapaona. Wenzangu arobaini walikuwa wanatazama. Nilikata. Mara moja haikutosha, wewe ulikuwa hujanifundisha hilo. Nikakata tena.

Halafu kuna hili, ambalo sijamwambia mtu. Mikono yangu ikafanya yenyewe ulivyoifundisha. Ikakung'uta damu. Ikautafuta mdomo wa ala bila msaada wa macho. Ikaurudisha upanga polepole, theluthi ya mwisho polepole zaidi, mpaka kile kikingio cha mkono kwenye mpini kikagusa ala bila sauti. Haikutetemeka hata kidogo. Kapteni akawageukia wengine akawaambia, "Mmeona? Hivyo ndivyo unavyorudishwa."

Sikuuchukia upanga wako. Nilikaa nje ya mlango ule kwa sababu najua mikono yangu ingeingia ikafurahi.

Huyu mwalimu wa huku alisema nimwone mtu mbele yangu. Nilimwona. Alikuwa anatafuna.

Basi usiigonge muhuri barua ile, haina kazi tena. Nilikuwa nachagua kati ya hiki na kile, na sasa nimechagua: si kendo, si iai, si chochote. Na kwa kuwa niliingia kwenu kwa ajili ya jina na upanga, na upanga sikuubeba, ukitaka nilirudishe jina nitalirudisha. Amua wewe. Sitabishana.

Eikichi


Kamisawa, 9 Februari 1964

Baba Chizuko,

Ulimwandikia nini Baba?

Barua yako ilifika Ijumaa. Aliisomea kwenye chumba cha mazoezi, akatoka, akafunga mlango kwa kamba. Tangu siku hiyo hajaingia. Mezani anakaa, chakula anakitazama. Nikimuuliza ananijibu kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Siku ya nne alivaa buti za majani akaenda hekaluni kwa miguu, theluji ikiwa kiunoni. Mzee wa miaka sabini na tatu. Mhudumu wa hekalu ndiye aliyemrudisha kwa gari la kuteleza juu ya theluji, vidole vya miguu vyeupe kama mshumaa.

Huyo mhudumu amenisimulia. Baba alimwomba kasisi asome sala za marehemu. Kasisi akauliza jina la marehemu ili aliandike kwenye kibao. Baba akasema hana jina, andika mkulima. Kasisi akauliza ni mkulima wa kijiji gani. Baba akasema hata hilo hajui. Wakasoma hivyo hivyo.

Amemwombea nani? Nani amekufa? Kama ni mtu wetu, kwa nini sijaambiwa? Na kama umemtukana Baba, basi ujue nimekutetea kwa watu miaka yote hii, ila kwa hili sitakutetea.

Ametoa pia kibao cha jina la shule yetu ya upanga pale langoni. Misumari bado imo kwenye nguzo.

Mitsue


Tokyo, 20 Februari 1964

Mama Chizuko,

Sijamtukana. Nimemjibu alichouliza. Mwambie nimekubali akueleze yote, na usinionee huruma katika kusikiliza. Ukishasikia, ndipo useme kama nirudi kwa ajili ya kupanda mpunga au nisirudi. Chochote utakachosema nitakiona cha haki.

Togashi amenitoa handakini. Sasa nasukuma toroli za udongo juu. Narumi ananiambia nimepandishwa cheo, naona jua.

Mguu wa Baba uchue kwa maji ya vuguvugu, usimsogeze kwenye moto.

Eikichi


Kamisawa, 12 Machi 1964

Eikichi,

Nimechelewa kujibu. Si kwa sababu ya miguu, hiyo imepona isipokuwa kidole kimoja.

Sitakuambia unisamehe. Wa kusamehe si wewe, na hayupo. Nitasema tu lililo kweli. Ile barua kwa kapteni haikuwa mwavuli wa kukufunika wewe. Niliiandika kwa kujivuna. Nilitaka mtu mkubwa nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, ajue kwamba Odashima tupo. Alijua. Halafu miaka kumi na saba nimekaa nikikuhesabia kosa.

Mitsue nimemweleza. Alitoka nje akapasua kuni mpaka zikaisha, akaanza kupasua ngazi ya zamani. Kisha akaingia, akaniambia nikuandikie kwamba mpunga haujipandi wenyewe. Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza.

Kuhusu jina, usilitaje tena. Jina si jembe la kuazima.

Sasa la upanga. Nimelifikiria kama mwalimu, kwa sababu kama baba mkwe sina haki ya kusema lolote. Unadhani kuna mambo mawili tu, ya mwanzi na ya peke yako. Uliondoka kwangu kabla sijakufikisha kwenye la tatu. Katika nyumba yetu, kuchomoa peke yako ni mlango tu. Ndani watu wanafanya wawili wawili, kwa panga za mti, hatua kwa hatua, na kila mmoja anajua kitakachofuata. Mmoja anakata, mwingine anakatwa. Na anayekatwa siku zote ni mkubwa. Huko mijini mwalimu hushinda. Hapa kwetu mwalimu ndiye hufa. Yule fundi mapipa, na uvivu wake wote, ameniua labda mara elfu nne.

Upanga wa mti husimama upana wa unywele juu ya paji la uso. Anayekatwa huinama, hukaa chini pumzi tatu, kisha huinuka na kusema, "Tena."

Mwalimu wa huko hakukosea kukuambia umwone mtu. Lakini wewe huwezi kumwona mwingine, na peke yako utamkata yule yule mpaka ufe. Njoo nyumbani. Mbele yako nitakuwepo mimi. Nina sura mbaya na sitafuni chochote, meno yamekwisha. Utanikata, nami nitainuka.

Kamba ya mlango nimeifungua.

Jinpachi


Tokyo, 22 Machi 1964

Baba,

Nimeisoma barua yako kwenye lundo la udongo, saa ya chakula. Narumi alidhani nimefiwa, akaninyamazia, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nimelala nalo na kuamka nalo siku sita. Jambo hilo la tatu nalitaka. Nakuambia bila kuzunguka: ni kitu cha kwanza nilichokitaka tangu nirudi kutoka vitani, ukiacha watoto na mvua. Lakini nina ombi moja, na usiponikubalia sijui kama nitaweza kuingia. Niweke mimi upande wa anayekatwa. Wewe ukate, au mtafute mtu yeyote akate. Mimi nilishakata. Nataka kukaa mahali pale mpaka niishiwe na siku. Hata nikikatwa mara elfu nne haitakuwa nyingi.

Najua mimi ni mdogo na nafasi hiyo ni ya mkubwa. Lakini nyumba ni yako na desturi ni yako. Ukiamua kuipinda, nani atakuuliza?

Mwambie Mitsue nimeisikia salamu ya mpunga.

Eikichi


Kamisawa, 29 Machi 1964

Eikichi,

Hapana.

Karani yule wa posta alikushambulia ukampa shingo yako. Nilisoma hilo kwenye barua iliyokuwa chini ya figili, sikuelewa, sasa naelewa. Unataka kuja kufanya hivyo hivyo kwangu, kila asubuhi, halafu uyaite mazoezi.

Nafasi hiyo si adhabu. Anayekatwa ndiye anayeshika pambano lote. Yeye ndiye anayeamua umbali. Yeye anaona kama mwenzake yuko tayari au bado, kama amekasirika, kama anaogopa, na anamtolea paji la uso mahali na wakati ambapo mwenzake atajifunza bila kuumia wala kuumiza. Kwa kazi hiyo lazima utake mwenzako awe mzima, na utake na wewe kuwa mzima. Mtu anayetamani kufa hafai. Atainamisha shingo, na aliye mbele yake hatajifunza lolote ila kuua. Ndivyo ulivyofundishwa na yule kapteni. Mimi sitafundisha hivyo.

Kwanza utakata. Desturi yetu ni miaka kumi, na siipindi hata kwa unywele, kwa sababu safari ya mwisho niliyoipinda desturi nilimpa jina la shule mtu wa miezi mitano. Miaka kumi utanyanyua upanga juu yangu, utausimamisha mahali unapotakiwa usimame, utaniona nikienda chini na utaniona nikirudi juu. Mkono wako ulijifunza jambo moja haraka sana. Utajifunza la pili polepole.

Nina miaka sabini na tatu, kidole kimoja cha mguu kimekufa. Hesabu mwenyewe. Pengine hatutaifikisha kumi. Siku nitakayokwenda chini nisiweze kuinuka, nafasi hiyo itakuwa yako, na utamtafuta mtu wa kuinuka mbele yake.

Nimekataa. Uje au usije, sasa ni shauri lako. Theluji inayeyuka upande wa kusini wa mlima.

Jinpachi


Tokyo, 5 Aprili 1964

Baba,

Naja kwa treni ya Alhamisi, nitafika Ijumaa kabla ya mchana. Asije mtu stesheni, nitatembea.

Jana nilikwenda kwa mwalimu Hasunuma. Nilimwambia kweli: nilikula kiapo, nilidanganya, na mwalimu wangu yuko hai. Akaniletea chai mwenyewe. Hakuuliza zaidi, akasema tu nimsalimie mwalimu huyo aliye hai. Narumi amelalamika kwamba sasa hana wa kumcheka, akanipa soksi zake za sufi, nadhani hazijafuliwa tangu Novemba.

Hesabu uliyonipa nimeifanya, na ndiyo sababu sikungoja mshahara wa mwisho wa mwezi.

Kuhusu kukata, nimekubali. Sina furaha, lakini nimekubali. Ila kabla hujanipa ule upanga wa mti nataka ujue ninachokiogopa, maana sitaweza kukisema tukiwa tumesimama ana kwa ana. Siogopi kwamba mkono wangu utakataa kuinuka. Naogopa utainuka vizuri, utashuka vizuri, utasimama pale pale unapotakiwa, na wewe utainama, na kutakuwa kimya kama ilivyokuwa siku ile.

Desturi umesema huipindi, nami sitakuomba tena kubadilishana nafasi. Naomba kitu kidogo zaidi. Zile pumzi tatu za kukaa chini, mwaka huu wa kwanza, zifanye moja. Inuka haraka, Baba. Mpaka nitakapozoea.

Eikichi